Afisa Aliyekubali kwa Kichwa

Wananchi wa Kasulu walitangaziwa kwa vipaza sauti kwamba tatizo la kutosikilizwa limekomeshwa rasmi. Kuanzia siku hiyo, mwananchi akiongea, mtumishi atatikisa kichwa juu na chini, mkono kifuani, uso ukionesha uchungu wa wastani. Uchungu wa kupitiliza ungehitaji kibali.

Mwasisi wa utaratibu huo, Bwana Elisante, aliyehamishiwa huku kutoka Moshi, alikwenda kuuzindua mwenyewe katika kijiji cha Titye. Alikuwa amefanya mazoezi mbele ya kioo mpaka shingo ikakaza.

Mkutanoni akainuka mama mmoja, Esteria, akamwaga Kiha mbiombio, kidole mara kwenye nyumba yake, mara kwenye gari la serikali. Elisante hakuambulia neno. Mkalimani hakuwepo, utaratibu haukumtaja. Akatikisa kichwa. Esteria akauliza tena, kama haamini. Akatikisa kwa nguvu zaidi, mkono kifuani. Vigelegele vikalipuka.

"Hawa nimewapata," alijisemea, roho kwatu, akaanza kuhutubia juu ya usikivu shirikishi. Hotuba ilikuwa ndefu. Alipofika hitimisho, gari halikuwepo.

"Gari langu liko wapi?"

"Dereva wako Athuman kampeleka mwanangu hospitali," alisema Esteria. Hofu ilikuwa imemtoka, Kiswahili kimemrudia. "Uchungu ulimshika tangu jana, gari la wagonjwa halikuja. Nikakuomba, ukakubali. Nikakuuliza tena, ukakubali na mkono kifuani. Wamepiga simu sasa hivi, kajifungua salama. Mungu akubariki, baba."

"Mama, ile ilikuwa ishara ya kuthamini hoja! Halikuwa jibu!"

"Sasa jibu lilikuwa lipi?"

Elisante akapekua karatasi za hotuba yake kulitafuta. Miaka yote kazini hakuna aliyewahi kumdai jibu.

Mvua ikaanza kudondoka, watu wakatawanyika. Akabaki Fidele wa bodaboda, akifunga mkungu wa ndizi kwenye pikipiki. Elisante akamsogelea, akakohoa kidogo.

"Ndugu mdau, kwa kuzingatia mazingira yaliyojitokeza, ofisi yangu ingependa kubaini uwezekano wa ushirikiano wenye tija katika nyanja ya usafirishaji..."

Fidele alimsikiliza mpaka mwisho, maji yakimchuruzika usoni.

"Mzee, unataka lifti?"

Afisa alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Ndiyo."

"Si useme! Panda. Huo mkungu ukumbatie, usianguke."

Hilo "Ndiyo" lilikuwa neno lake la kwanza kwa mwananchi lililomaanisha kitu, nalo lilimfikisha Kasulu mjini, ameloa chapachapa, kakumbatia ndizi za watu.