Vitunguu Saumu Vyangu vya Nje

Jumatatu, 3 Juni

Ijulikane kwa wote, na ikibidi ichongwe kwenye jiwe: leo asubuhi, nikiwa nimevaa kandambili zisizolingana, nimeingia rasmi katika soko la dunia.

Chanzo ni redio. Mtaalamu alikuwa anachambua sera ya taifa ya kilimo. Sauti nzito, ya mtu aliyeshiba. Alisema mkulima wetu amelala. Alisema vitunguu saumu vya nje vinatushinda hapa hapa nyumbani kwa sababu ni vyeupe na vimefungwa vizuri. Muonekano! Ushindani! Nilipiga makofi peke yangu jikoni. Mke wangu akauliza kama nimeona panya.

Lakini ni kweli. Jumamosi mama mmoja alichukua kitunguu changu sokoni, akauliza ni cha wapi. Nikasema cha hapa hapa. Akakirudisha mezani polepole, kama mtu aliyegundua kwamba ameshika chura. Akaenda kununua cha nje meza ya pili.

Mavuno yote yako stoo. Mavuno hayo ndiyo yatakayonunua pampu ya maji: ile ya mtumba iliyoko kwa fundi, ambayo mke wangu huisalimia kila akipita. Amechoka kumwagilia kwa ndoo. Fundi amesema atakayetangulia na fedha kamili ndiye mwenye pampu. Balaa ni kwamba jirani yangu, Tani Kumi, naye anaitaka. Tunamwita hivyo kwa sababu kila msimu hutangaza kwamba atavuna tani kumi. Mashamba yetu yanatenganishwa na mtaro, na heshima kidogo.

Jumanne, 4 Juni

Kazi imeanza. Beseni, sabuni ya unga, brashi ya viatu (mpya, mimi si mshenzi). Nimesugua mpaka vitunguu vikang'aa. Mizizi nimeikata kwa mkasi wa mke wangu wa kushonea. Mwisho, poda ya mtoto. Weupe wa ajabu!

Nyavu nyekundu nimeziokota nyuma ya duka la jumla, bado zina lebo zake: maandishi nisiyoyaelewa na picha ya mlima wenye theluji. Kwetu hakuna theluji. Lebo inajieleza yenyewe.

Mke wangu alisimama mlangoni. Akasema kitunguu saumu kikioshwa hakikai, kinaoza. Akasema pia, Baba Watoto, mkasi huo ni wa nguo. Nikamweleza habari za ushindani wa kimataifa. Akaingia ndani, akachukua vishada vyake vya mbegu, akavitundika juu kabisa ya jiko, kisha akaficha kigoda.

Jumatano, 5 Juni

Ushindi! Nyavu zote za majaribio zimekwisha kabla ya adhuhuri. Tena kwa bei mara mbili. Hakuna aliyeuliza ni vya wapi. Yule mama wa chura amenunua nyavu mbili, akanipongeza kwamba hatimaye nimeanza kuuza vitu vya maana.

Tani Kumi alikuja mezani kwangu, mikono nyuma, kama mkuu wa shule. Akauliza, jirani, hivi unavitoa wapi? Nikamwambia nina mtu wangu bandarini. Akaomba nimuunganishe. Nikasema, kwa masikitiko makubwa, kwamba hayo ni mambo ya ngazi za juu. Akaondoka bila kuaga. Mezani kwake vitunguu vilikuwa na matope, ndevu na huzuni.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeosha mavuno yote. Yote! Vidole vimekunjamana kama vya bibi kizee. Alasiri nimepeleka mzigo ghala la soko, tayari kwa gulio la kesho. Nikapita kwa fundi, nikaipapasa pampu. Nikamwambia asiizoee.

Jioni mke wangu akapiga kigelegele. Redio tena! Serikali imepiga marufuku vitunguu saumu vya nje, kuanzia usiku huu. Masoko yote kukaguliwa. Lengo: kumlinda mkulima wa ndani. Mke wangu akanikumbatia. Ng'ambo ya mtaro Tani Kumi alikuwa anacheza juu ya matuta yake. Nami nikacheza kidogo, kwa uzalendo.

Kisha nikakumbuka mzigo wangu uko wapi, na umevaa nini.

Jumamosi, 8 Juni

Nilifika mapema. Mkaguzi alikuwa amefika mapema zaidi. Mtu mpole sana, ndiyo maana nilimwogopa.

Nikamwambia vitunguu hivi ni vyangu, nimevilima kwa mikono hii. Soko zima likaangua kicheko. Mkaguzi akainua wavu mmoja, akauliza kwa upole, mzee wangu, theluji hii iko upande gani wa shamba lako?

Mama wa chura akajitokeza kutoa ushahidi bila kuombwa. Akasema vitunguu vya hapa anavijua, vinanuka. Hivi vina harufu ya mtoto aliyetoka kuogeshwa! Vya hapa vitoke wapi vikawa safi namna hii? Sijawahi kusifiwa hivyo maishani. Nilitamani kulia.

Ndipo Tani Kumi naye akasaidia. Akasema, bila kuulizwa, kwamba nina mtu wangu bandarini.

Mzigo umefungiwa. Utachomwa Jumatatu jioni, isipokuwa kama mkulima anayepakana nami atathibitisha kwamba umetoka shambani kwangu. Nikamtaja mke wangu. Mkaguzi akasema mke hahesabiki, anataka jirani. Nimerudi nyumbani nikitafakari mipaka yangu. Upande mmoja napakana na Tani Kumi. Pande zilizobaki ni makaburi.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda kwa Tani Kumi na jogoo kwapani. Akanikaribisha kwa furaha isiyo ya kawaida. Karibu, Mheshimiwa wa Bandari! Akauliza meli zinaendeleaje. Akauliza kama bahari imetulia. Mkewe alikuwa anacheka nyuma ya pazia.

Nikaeleza shida yangu. Akajifanya kushangaa. Kumbe mimi hulima? Mbona yeye hajaona? Mwishowe akatoa masharti. Kwanza, jogoo abaki. Pili, nitangaze sokoni, kwa kipaza sauti, kwamba vitunguu vyake ni bora kuliko vyangu.

Nilikataa katakata. Mtu ana utu wake! Nikatoka nimenyanyua kidevu. Njiani nikakutana na mke wangu akitoka kisimani, ndoo kichwani, maji yakimchuruzika shingoni. Alipita tu.

Nikarudi kwa Tani Kumi, nikapiga hodi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimetangaza. Nilitangaza kwa haraka na kwa sauti ya chini. Mwenyekiti wa soko, mama asiye na huruma, akasema kipaza sauti kimekoroma, nirudie. Nikarudia. Walioko mbali wakaomba mara ya tatu.

Kisha Tani Kumi akatoa ushahidi. Ni lazima nikiri kwamba ana kipaji. Alichukua kitunguu changu, akakipuliza poda, akakipasua kwa kidole gumba. Akasema punje hizi nyembamba anazijua tangu zikiwa shambani. Huyu bwana, akasema, hupalilia majani yakishamfika kiunoni. Akamgeukia mkaguzi: kwa heshima zote, mkuu, ni nani duniani angelipia hiki nauli ya meli?

Mkaguzi akasaga punje moja mezani. Machozi yakamtoka. Akasema amesadiki.

Nimerudishiwa mzigo wangu wote! Haki imetendeka!

Jumatano, 12 Juni

Soko limegeuka. Sasa wanunuzi wanataka matope. Kitunguu kisicho na matope wanakishuku. Mama wa chura anataka mpaka mizizi, anasema ndiyo kitambulisho. Tani Kumi amemaliza stoo yake yote kwa siku mbili, kwa bei ambayo sitaiandika hapa kwa sababu nina presha.

Vyangu viling'aa kama sahani za wageni. Hakuna aliyevigusa. Sikukata tamaa. Jana nimevipaka matope, kimoja kimoja, kwa mikono. Kazi safi, huwezi kutofautisha! Leo asubuhi nimefungua stoo, na harufu ikatoka kunipokea. Vimelainika. Vingine vina manyoya ya kijani.

Mke wangu ameokoa vichache, ameviponda, anauza kwa kijiko. Vimeleta fedha ya mkasi mpya. Amenyoosha kidole kuelekea kule juu ya jiko, kwenye mbegu.

Ijumaa, 14 Juni

Siku kubwa. Mtaalamu wa redio amerudi! Amesema siri ya ushindani ni kuuza kile ambacho wenzako hawana.

Nilikaa nikafikiri. Kuna wauzaji ambao bado wameficha vitunguu vya nje uvunguni. Vyeupe, visafi, haviuziki. Wanachokosa ni kitu kimoja tu: matope. Na matope, ninayo! Shamba zima! Nimeanza kuyafunga kwenye mifuko midogo. Hakuna nchi inayoweza kuzalisha matope yetu kwa bei nafuu kuliko sisi wenyewe. Hapo dunia itatufanya nini?

Lebo za mlima zimebaki nyingi. Theluji nitaipaka rangi ya kahawia.

Nimemsimulia mke wangu mpango huu kwa kirefu. Hakusikia vizuri kwa sababu ya mngurumo. Ni ile pampu. Tani Kumi aliinunua jana. Yeye na mke wangu wameshaelewana: maji yatavuka mtaro yamwagilie mbegu za mke wangu, na mimi nitampalilia Tani Kumi msimu mzima.

Naanza kesho. Amesema niende na jembe langu.