Mtambo Umepanda Makote

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Mtambo wa kutoboa ardhi umefika hapa Makote! Nimeuona kwa macho yangu. Mrefu kuliko kanisa letu, ukinguruma meno yanagongana. Kampuni ya Wazungu inatafuta madini. Mke wangu, Mama Ida, hakushangaa. Alikuwa ametoka bondeni na mtungi, safari ya alfajiri hadi adhuhuri. Kasema kiangazi hiki ndicho cha mwisho: maji yasipopatikana huku juu, yeye na mtoto wanahamia kwa mama yake, Chiwata. Nikamwambia atulie. Chombo chenye nguvu hivyo, kikitoboa shambani kwangu, kitakosaje maji?

Alhamisi, 5 Agosti

Nimekwenda Chiungutwa, kule chini upande wa Masasi, kwa baiskeli, nikarudi na gunia la mawe yanayong'aa. Mlima wote nimesukuma. Mgongo sina! Nimeyafukia shambani, chini ya mikorosho yangu, nikayaacha yachungulie kidogo. Kisha nikamwita Bwana Mawe, mkubwa wa kampuni, nikijifanya natetemeka.

Ijumaa, 6 Agosti

Aibu! Bwana Mawe kashika jiwe moja, kacheka mpaka kakaa chini. Mkalimani wake, Yeremia, akatangaza mbele ya watu kwamba huku kwetu juu ni mchanga mtupu, mawe ya namna hii yako Masasi, na hili bado lina nyuzi za gunia. Akauliza kama lilipanda mlima kwa miguu. Jirani yangu Bwanali alicheka kuliko Mzungu. Na mtambo kapelekewa yeye! Eti ndivyo ramani inavyosema.

Jumanne, 10 Agosti

Nimesimama pale tangu asubuhi, hata wivu nimesahau. Bomba la chuma linazama, wanaunganisha jingine, nalo linazama. Nilifika arobaini, nikaacha kuhesabu. Lo! Nchi ina kina hivi, na sisi miaka yote tunaikwaruza juu juu kwa jembe. Mwili umenisisimka.

Jumamosi, 14 Agosti

MAJI! Yamepanda yenyewe hadi mdomo wa shimo, baridi, matamu. Vigelegele! Mama Ida kajaza mtungi hatua mia tu kutoka mlangoni petu, akalia. Nami nikalia. Kisha nikawakumbusha watu kwamba wazo lilikuwa langu.

Jumatatu, 16 Agosti

Wameziba shimo kwa saruji. Yeremia anasema kampuni haikutumwa maji, na madini hakuna. Tuliwasihi, mimi na Bwanali bega kwa bega. Bwana Mawe alitazama viatu vyake, akasema amri ni amri. Mtambo umeshuka zake. Wanawake walibaki wameizunguka ile saruji na mitungi yao mitupu.

Ijumaa, 20 Agosti

Mama Ida ameondoka na mtoto. Simlaumu. Nyumba imepoa, naumia sana.

Lakini nimeng'amua! Wageni wale walikosa mahali pazuri pa kukaa, ndiyo maana wakatukimbia. Nimekata mikorosho yangu yote tisa, na maua yake. Sasa ni uwanja mweupe, mpana, unapendeza. Wakirudi wataniona tangu mbali.

Bwanali amekuja kuazima shoka, naye asafishe kwake. Nimemnyima. Yeye zamu yake alishaipata.