Malagarasi Namba Saba

Jumanne, 9 Julai 2024

Vumbi Kasulu nzima. Wateja tisa mpaka saa sita mchana, wanane wamekuja kuuliza bei tu na kuondoka.

Habari kubwa: Malagarasi Namba Saba imeonekana.

Niandike vizuri, ili siku nikifa wanangu waelewe. Kampuni ya Malagarasi ilitoa santuri ndogo kumi na mbili tu, kati ya mwaka 1965 na 1968. Soul, twisti, biti za magitaa. Vijana wa bara waliovaa suruali za kubana na kuimba kama wamezaliwa ng'ambo. Ninazo kumi na moja. Miaka kumi na nne ya kuzunguka vijijini, kununua sanduku zima la kwaya ili nipate santuri moja. Ninayoikosa ni namba saba: Heru Beats, "Immakulata Fungua Dirisha", 1967.

Tatizo ni Nurudini, muuza simu wa Kibondo. Naye anazo kumi na moja. Naye anaikosa hiyo hiyo. Alianza kukusanya mwaka 2019, baada ya kuliona kabati langu, akiwa sebuleni kwangu, anakunywa chai yangu. Na redio ya hapa mjini imetuahidi wote wawili: atakayekamilisha kumi na mbili ndiye atakayekaa studio Jumapili itakayofuata, kwenye kipindi cha zilipendwa, na kuitwa mkusanyaji mkuu wa mkoa huu.

Saady, dereva wa bodaboda anayeniletea habari, ameiona kwa macho yake Munanila, kwa Mzee Sylvesta. Ndiye aliyeimba. Mnyamwezi wa Urambo, aliletwa huku na kazi ya ukarani, akaoa, akabaki. Anaumwa kidogo. Santuri imo ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda.

Kuruthumu, mke wangu, kasema niende nikamwombe mzee wa watu. Nikamweleza kwamba mambo hayaendi hivyo. Ukiomba, umeonyesha shida. Mimi nilianza na kilo mbili za misumari, nauza mmoja mmoja. Leo nina duka la milango miwili. Hakuna hata msumari mmoja niliouomba. Akasema, "Kwani Baba Shadia, ukiomba utavunjika mdomo?"

Mpango: kukaa kimya siku kumi. Mzee ajione hana mteja.

Jumatano, 10 Julai

Mzee Sylvesta amefariki alfajiri. Hili sikuliweka kwenye hesabu.

Mazishi kesho. Saady anasema Nurudini ameshapanda gari kutoka Kibondo, na amebeba blanketi la rambirambi. Lile zito, la maua. Mtu hana haya hata kidogo.

Nikakaa dukani nikafikiri. Siwezi kwenda na blanketi. Hapo nitakuwa nyuma yake. Ndipo likanijia. Babu yangu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, fundi cherehani, cherehani ikamfikisha Kasulu. Marehemu ni Mnyamwezi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi. Na mtani msibani ana haki ambazo hata mwenyekiti wa kijiji hana.

Nikampigia shangazi Mwanaheri, Kisarawe, kuhakikisha. Nilinunua dakika tatu. Salamu dakika moja, swali nusu, jibu moja, akiba nusu. Shangazi alikula dakika mbili na robo kwa salamu peke yake: mimi, mke, watoto kwa majina, baridi ya huku, mgongo wangu, mgongo wake. Nikauliza haraka haraka: mtani akikamata kitu cha marehemu msibani, nani wa kumzuia? Akacheka sana. Akasema, "Hakuna, baba. Mtani akishakamata, amekamata. Ila sasa..."

Dakika zikaisha.

Kuruthumu akataka kujua hiyo "ila" ni ya nini. Nikamwambia sehemu ninayoihitaji nimeshaipata. Kununua dakika nyingine kwa ajili ya "ila" ni ufujaji.

Alhamisi, 11 Julai

Nitaandika kwa kifupi. Mkono wa kulia haukunjiki.

Nilifika Munanila saa tatu asubuhi. Nikasimama mbele ya turubai, palipojaa watu, nikasema kwa sauti kwamba Mnyamwezi maisha yake yote kubeba mizigo, leo kabebwa yeye. Waha, wenyeji wa pale, wakanitazama kama mtu aliyekunywa. Lakini Tharsisi, mdogo wa marehemu, aliyefika usiku kutoka Urambo, aliruka kutoka kitini, akanikumbatia, analia na kucheka kwa pamoja. Akasema tangu usiku roho ilikuwa inamuuma kwamba kaka yake atazikwa ugenini bila mtani hata mmoja wa kumtukana. Akaniuliza Mzaramo wa wapi. Nikasema Kisarawe. Akaridhika.

Akanipa jembe.

Kumbe mtani ndiye anayepiga jembe la kwanza. Na la pili. Na kwa jinsi Tharsisi alivyofurahi, karibu yote. Udongo wa Munanila mwezi wa saba ni tofali linalosubiri kuchomwa. Wanaume walitaka kunipokea, akawazuia. "Mwacheni! Mzaramo kushika jembe si kitu cha kuonekana kila siku. Kaka angengoja kidogo tu, angeyaona haya." Nilitoa makarai mia moja na thelathini na nane. Nurudini alikuwa mkekani, miguu kaikunja, anakula wali na maharage. Alinipungia mkono mara mbili.

Tulizika saa tisa. Sanduku la bati lilikuwa limetolewa barazani ili wanawake wapate pa kukaa ndani. Nikalikumbatia. Nikatangaza kwamba mtani amekamata. Hakuna aliyenizuia, kama shangazi alivyosema. Nikafungua. Ya tatu kutoka juu: lebo ya kijani, picha ya mto, namba 7. Kwa dakika nne nilikuwa mtu pekee duniani mwenye zote kumi na mbili. Nilimtazama Nurudini. Alikuwa ameacha kutafuna.

Kisha wanawake wakapiga vigelegele. Sikuelewa kwa nini watu wafurahi kunyang'anywa. Tharsisi akapaza sauti: mtani amekamata, mtani akombolewe.

Hiyo ndiyo ilikuwa "ila". Mtani akikamata hazuiwi, ila wenye msiba wanakikomboa kitu chao kwa chochote walicho nacho, na mtani hana ruhusa ya kukataa. Akikataa si mtani tena, ni mwizi. Na palikuwa na watu wapatao mia mbili, majembe yakiwa bado mikononi.

Mjane, Mama Immakulata, alitoka ndani akiwa ameshikwa mkono na Claudine, mjukuu wake. Akazunguka nyuma ya jiko. Akarudi na jogoo mwekundu. Alinikabidhi kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kumchimbia mume wake nyumba nzuri. Akalichukua sanduku, akakaa nalo mapajani, akalifunika kwa kanga.

Nilipofika nusu ya njia kurudi, jogoo kwapani, ndipo nilipogundua kwamba jina la wimbo na jina la mjane mwenyewe, si la mwanawe, ni moja. Alitungiwa yeye. Hilo linaongeza thamani ya santuri kwa robo, kwa makadirio ya chini.

Ijumaa, 12 Julai

Jogoo ana kilo mbili na robo kwenye mizani ya misumari. Anawika saa tisa usiku, saa kumi, saa kumi na nusu, kisha mfululizo. Nilisema achinjwe. Shadia, binti yangu, ameshampa jina: Mtani. Sasa hachinjiki.

Mteja mmoja ameingia kununua bawaba, akaniuliza kama ni kweli Mzaramo amechimba. Watatu wengine hawakununua chochote. Walikuja kuutazama mgongo.

Saady ameleta habari nyingine: Nurudini hajarudi Kibondo. Yuko Munanila, ameazima gramafoni ya betri kwa mtu, anampigia mjane ile santuri. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, ingawa zilikuwa zinauma tangu jana. Kila sindano inapopita, inakula. Yule bwana anaipunguzia thamani santuri ambayo hata si yake. Hajui hesabu. Ndiyo maana anauza simu.

Jumapili, 14 Julai

Saa tatu asubuhi. Studio ameketi Nurudini.

Nimesikiliza kipindi chote. Nimekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani.

Alisema Mama Immakulata alikuwa hajaisikia sauti ya mume wake akiimba kwa miaka thelathini na mmoja, tangu gramafoni yao ilipokufa. Ijumaa wakaipiga mara sita. Mara ya saba bibi akaimba mwenyewe. Ndipo yeye, Nurudini, akaomba. Mtangazaji akamuuliza alitoa shilingi ngapi. Akasema hakutoa hata mia. Aliomba, akapewa. Sandukuni zilikuwamo mbili, kwa sababu kampuni iliwalipa waimbaji kwa santuri zao wenyewe.

Mbili. Niliishia ya tatu kutoka juu. Ya nne sikuitazama.

Kisha wakaipiga hewani. Kuruthumu akaacha kukoroga uji. Shadia akaja kusimama mlangoni. Mwanaume anamwambia mwanamke afungue dirisha, baridi imezidi, na gitaa moja nyuma yake kama mtu anayegonga polepole. Dakika mbili na sekunde arobaini na moja. Jogoo hakuwika hata mara moja. Sijui kwa nini naandika hili.

Wimbo ulipoisha, ikapigwa simu studio. Claudine, kutoka Munanila. Akasema bibi anamsalimu yule mtani aliyemchimbia babu. Akasema ile santuri ya pili bibi amemwekea yeye. Aje tu aombe, siku yoyote, hata leo.

Mtangazaji akasema kama mtani anatusikiliza, asikawie. Nurudini akacheka na kusema kwamba mtani anasikiliza, anamjua.

Nilipogeuka, Kuruthumu alikuwa ameshaniletea viatu.

Jumatatu, 15 Julai

Sikuvivaa.

Nimelitazama jambo hili kila upande. Mtu mwenye kitu kilichobaki kimoja hakigawi bure. Kwa hiyo, ama ina mkwaruzo, ama kuna kazi. Nyuma ya nyumba yao niliona shamba la mihogo, limejaa magugu. Mtani ameshajulikana ana jembe zuri. Sihitaji kuambiwa zaidi.

Na hata kama hakuna hila. Nurudini awe wa kwanza kuomba, mimi wa pili, na mji mzima ukiwa shahidi? Miaka kumi na nne iishie kwenye "naomba, mama"? Nilimwambia Kuruthumu kwamba hapa si suala la santuri tena, ni suala la mtu kujijengea kitu chake mwenyewe. Akasema sawa, Baba Shadia. Akaenda kumpa jogoo mahindi.

Ila haki ni haki. Mtani haombi, anakamata. Safari hii kasoro ilikuwa moja tu: alikuwapo mwenye mali wa kuikomboa.

Mama Immakulata ana miaka sabini na tisa. Alhamisi alikohoa mara nne nikiwa karibu naye. Namtakia maisha marefu, simtakii vingine. Lakini mfanyabiashara huagiza mabati kabla ya mvua.

Yeye si Mnyamwezi, ni Muha. Hilo lilihitaji kuhakikishwa. Nikampigia shangazi Mwanaheri. Mara ile nilikosea, lazima nikiri: nilinunua dakika chache. Leo nimenunua nne. Salamu zilikula tatu na nusu, kwa sababu ameongeza mtu mpya wa kusalimiwa, jogoo. Nikauliza upesi: Mzaramo na Muha, je, wana utani?

Akacheka. Akasema, "Wakose kwa nini, baba? Si sote ni watu wa bara na pwani? Ila sasa..."

Dakika zikaisha. Inatosha, sehemu ninayoihitaji nimeipata.

Nimeteremsha jembe jipya kutoka rafu ya juu, nimeandika jina langu kwenye mpini. Nimechagua lenye mpini mrefu, kwa ajili ya mgongo.