Ombi la Kuutoa Mkono Wangu Katika Namba Saba

Duka la Nguo, Garissa
14 Juni 1966

Kwa Bwana Mganga Msimamizi wa hospitali yetu,
(ipitie kwa karani wa rekodi, lakini asiifungue)

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Kama umejinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana, isomwe ukiamka, maana ni nzito.

Mimi ni Elkanah Kang'ethe, mwuza nguo na mzee wa kanisa, niliyelazwa kwako mwezi wa Februari kwa kuvunjika mkono wa kushoto. Mlinitibu vizuri, Mungu awabariki. Juu ya uji sitasema kitu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilivunjika kigasha nikiwa katika msafara wa malori kutoka Thika. Tulipopita Mwingi tukasikia mshindo, tukajua ni waasi wa shifta, tukaruka chini wote, na askari wetu ndiye aliyetangulia. Kumbe ni tairi la lori la mwenzetu Mursal limepasuka. Mimi nilikuwa juu ya marobota, kwa hiyo safari yangu ya kuja chini ilikuwa ndefu kuliko ya wengine.

2. Siku ya kutoka wodini, karani wako Gichuki alipima mikono yangu akakuta wa kushoto ni mfupi kwa upana wa vidole viwili, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Akafungua kitabu cha namba atafute pa kuuandika. Akaniuliza, "Mzee, nani amekuumiza?" Nikamwambia ni tairi. "Tairi la upande gani?" Nikasema la nyuma. Akaniambia serikali haiulizi hivyo, inauliza kama ni la adui au ni letu. Namba moja ni walioumizwa na shifta, namba mbili ni walioumizwa na watu wetu kwa bahati mbaya, namba tatu ni waliokutwa na bunduki, na kadhalika. Tairi halina namba. Kijana akatafuna penseli, akanihurumia, akaandika saba. Saba, Bwana Mganga, ni kilema cha kuzaliwa nacho.

3. Sasa sikiliza nikueleze kama ndugu. Wanawake wa hapa hawataki nguo ipimwe kwa fimbo ya yadi. Shamis wa Galbet, mteja wangu wa kwanza, husema fimbo haina dini, bali mkono una mwenyewe, naye ataulizwa siku ya kiyama. Kwa hiyo tangu 1953 nauza kwa dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole. Kulia nashika jora, kushoto napimia. Mkono huu wa kushoto ndio mizani yangu na ndio jina langu.

4. Mwezi uliopita Shamis alinunua kitambaa cha marekani dhiraa arobaini kwa ajili ya harusi ya binti yake Abshiro. Alipofika nyumbani akapima kwa mkono wake, ikapungua. Akarudi nayo begani. Mimi kwa kujiamini nikamtolea kadi ya hospitali, nikamwambia, "Dada, nisamehe, ni ajali ya juzi, soma hapo." Yeye hasomi. Akampa bwana harusi, Yarrow, ambaye ni mwalimu na anasoma kila kitu kwa sauti, hata namba saba na maana yake.

5. Tangu siku ile Shamis ametandika mkeka mbele ya duka langu. Hanunui, hatukani. Kila anayekuja kuuliza nguo anamwambia polepole, "Walaal, ndugu yangu, kwanza pima mkono wake." Wanahesabu kanga na shuka za miaka kumi na mitatu, na wengine wamekuja na nguo za marehemu.

6. Hili ndilo linaloniuma. Vita vya shifta vilipoanza, wengi wa watu wa bara kama mimi walifunga maduka. Shamis ndiye aliyesimama sokoni akasema, "Huyu Elkanah ni wetu, hapunji mtu." Maneno yale yametulinda, mimi na mke wangu Wahu, mpaka leo. Wewe na Gichuki mmeyafuta kwa penseli.

Kwa hiyo naomba ufupi wa mkono wangu uandikwe kuwa ni wa kupatikana kwa ajali, tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, ili ijulikane kwamba kabla ya hapo nilikuwa mtu mwaminifu. Kama hakuna namba, itungwe ya Tairi. Kama Nairobi hawakubali, wafanyabiashara wote wa mkoa waitwe wapimwe vigasha, nisiaibike peke yangu. Na hilo likishindikana, niko tayari kurudi wodini univunje na wa kulia, vidole viwili hivyo hivyo, mradi safari hii uandikwe vizuri.

Nisalimie Sista Loise, wagonjwa wa wodi ya wanaume, yule mbuzi anayekula bendeji, na Gichuki pia. Namwombea.

Wako katika Bwana,
Elkanah Kang'ethe

Baada ya sahihi: Nilikuwa natafuta bahasha ndipo Wahu akauliza naandika nini. Nilipomsomea, akafungua sanduku, akatoa koti langu la harusi la mwaka 1949. Mkono wa kushoto umekunjwa ndani vidole viwili, na uzi ni wa fundi mwenyewe. Wahu akasema, "Mama yako aliniambia kabla ya harusi. Aliniomba nisikuaibishe."

Basi Bwana Mganga, namba saba ibaki, na Gichuki apewe shukrani. Mfupa mliuunga sawasawa. Kesho nabeba jora zima la marekani hadi Galbet. Shamis atapima mwenyewe, kwa mkono wake. Mimi nitashika mkasi tu, na nitakata pale atakaponionyesha.