Simu Isiyoficha Kitu

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimerudi Mpanda kutoka Kibaoni. Wakulima mia mbili na kumi na wawili wamo kwenye simu ya chama cha ushirika, majina na ekari. Orodha ya mbegu inatakiwa Ijumaa. Isipofika, mkataba wangu wa majaribio umekwisha. Sijaituma bado, nataka kuihakiki mara tatu.
Meneja, mama Pudensiana, ameniuliza kama kweli nimesema ofisi yake inanuka popo. Nilisema hivyo nikiwa peke yangu, chooni. Simu ilikuwa mfukoni!

Jumanne, 8 Oktoba
Nimesoma sana. Simu hii imefungwa: inachofanya anakijua aliyeitengeneza. Ila ipo mifumo huria ya simu, ambayo kila mstari wa programu yake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Nitaweka mmoja. Karani mwenzangu, Mercy, amesema yeye anaandika daftarini, na daftari halina masikio. Nimemhurumia.

Jumatano, 9 Oktoba
Fundi Dieudonne ameniuliza kama vitu vyangu nimevihifadhi pengine. Nimesema ndiyo. Niliona aibu kuuliza pengine ni wapi.
Akafungua kufuli la mfumo. Simu ikafuta kila kitu! Amesema ndivyo inavyojilinda na wezi. Wakulima wote, hakuna hata mmoja.
Nikauliza, kwa sauti ndogo, kama sasa angalau iko wazi yote. Akajibu kwamba mfumo ndiyo, kaka, lakini kichipu cha mtandao kina programu yake ya siri, na hiyo Mpanda nzima hakuna wa kuisoma.

Alhamisi, 10 Oktoba
Kibaoni tena. Nimewaambia ni uhakiki. Kumbe mara ya kwanza walidhani ni ushuru, kila mtu akataja ekari moja. Sasa wamesikia ni mbegu. Mzee Fabiani amepanda hadi ekari kumi na mbili. Jirani yake Romana akamwuliza kwa kicheko kama hizo anazilima usingizini, kisha yeye akaandikisha kumi na tano. Nimeandika zote. Ningebishana vipi, mimi niliyefuta ushahidi?

Ijumaa, 11 Oktoba
Nimetuma. Mama Pudensiana ameita. Ameuliza, kwa ekari zote hizi, kama siku hizi Ziwa Rukwa nalo linalimwa. Nikakiri yote: kufuli, fundi, hata popo na simu iliyonichongea.
Akasema simu haijasema kitu, mwanangu. Ni Mercy, alikuwa choo cha pili, na ukuta ule haufiki juu.
Mercy anakwenda Kibaoni na kamba, kupima shamba kwa shamba. Mimi nimepewa mwezi mmoja, wa mwisho, nikae stoo nisiguse simu.

Jumanne, 15 Oktoba
Stoo kuna utulivu. Kuna pia printa. Kesho inachapa hati za mbegu za chama kizima, na hakuna nyingine.
Nimegundua inakataa wino wowote usiotoka kiwandani kwake. Kwa nini? Inaficha nini?
Nimeazima bisibisi.