Malkia Hakuwemo Kitabuni

Jumanne, 4 Machi
Imebaki nafasi moja tu kwenye timu ya sataranji ya mtaa. Jumamosi nitaigombania na shemeji, kaka wa mke wangu, fundi bomba. Fundi bomba! Mimi nauza miwani, na nina kitabu. Nitakariri ufunguzi mmoja, yaani hatua kumi na mbili za kuanzia mchezo. Atanikoma.

Alhamisi, 6 Machi
Nimezikariri zote. Mke wangu alishika kitabu akanisikiliza huku akimenya viazi. Aliuliza itakuwaje kaka yake akicheza vingine. Nilimjibu kwa upole kwamba mtu mwenye akili zake hachezi vingine. Alikohoa. Dukani nimempa mteja miwani ya mtu mwingine; nilikuwa kwenye hatua ya tisa.

Jumamosi, 8 Machi
Ukumbi pomoni. Hatua tano za mwanzo, sawasawa na kitabu! Ya sita, shemeji akamsogeza malkia wake mahali ambapo farasi wangu angeweza kumla, peke yake, hana wa kumlinda. Watu wakaguna. Kitabu hakisemi lolote kuhusu jambo hilo. Niliwaza dakika arobaini. Jasho. Kisha nikang'amua: mtego! Nikamwomba sare. Alinipa mkono kabla sijamaliza kusema. Kamati inasema kwa sare hakuna aliyepata nafasi. Lakini sikufungwa!

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu kauliza kwa nini sikumla malkia. Nilimwambia hayo ni mambo mazito. Shemeji alipokuja kula, wakacheza wao wawili mezani. Mke wangu alimla malkia, kisha akala karibu kila kitu. Kumbe tangu utotoni humfunga atakavyo! Nilipomlaumu kwa kunificha, alisema miaka yote hii sijawahi kumwuliza. Imeniuma, sifichi.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji alimpeleka dada yake kwa kamati. Mke wangu kamfunga katibu mara mbili, mfululizo. Nafasi kapewa yeye. Nilijifungia bafuni kidogo. Kisha nikapata faraja: ni nani aliyemshikisha kitabu? Nimejiteua kuwa kocha wake. Kakataa. Nimemwonya hata hivyo kwamba akiona malkia hana mlinzi, asimguse, aombe sare haraka. Alicheka mpaka akakaa chini. Namwonea huruma. Anakwenda mashindanoni na hajui hata ufunguzi mmoja.