Mhandisi Mkuu wa Kiti Namba Kumi na Saba

Siku Gu Bong-pil alipopanda ngazi kwenda kwenye kafe ya kompyuta ya ghorofa ya tatu, mjini Gunsan, hakuwa na nia ya kucheza chochote. Alikuwa anamkwepa bwana mmoja ambaye yeye Bong-pil alikuwa amemuuzia kiti cha umeme cha kukanda mgongo. Baada ya wiki mbili za kukaa akisubiri kukandwa, bwana yule aligundua kwamba alichonunua ni kiti tu, na sasa alikuwa chini barabarani, akichungulia duka moja baada ya jingine.

Bong-pil alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, suti moja nzuri na kadi za biashara za aina sita. Siku ile alikuwa na zile za ukurugenzi. Alilipia saa moja, akajipenyeza katikati ya vijana waliovaa vipokea sauti, akaketi kiti namba kumi na sita. Kando yake, kwenye namba kumi na saba, alikuwa ameketi mama wa miaka kama sitini na minane, amevaa kizibao cha rangi ya zambarau, mbele yake bakuli la tambi za moto. Vijana wote mle ndani walikuwa wanapigana vita. Mama huyu alikuwa anajenga bustani ya burudani.

Bong-pil aliangalia kwa jicho la pembeni, kisha akageuka mzima mzima. Kwenye kioo cha kompyuta ya mama palikuwa na gurudumu kubwa lililozunguka taratibu, treni iliyopanda mlima na kuporomoka upande wa pili, vibanda vya soseji, vijia vilivyopandwa miti ya micheri pande zote mbili, na watu wadogo mamia kwa mamia wakitembea, wakipanga foleni, wakinunua maputo. Ilikuwa bustani nzuri kuliko nyingi ambazo Bong-pil aliwahi kuingia bila tiketi. Ndani ya kichwa chake wazo liliwaka, na bwana wa kiti kule barabarani akasahaulika.

Alimsalimia mama kwa adabu zote, akamnunulia kahawa, akajieleza kuwa ni mkurugenzi wa kampuni inayotafuta vipaji. Mama akasema anaitwa Pyo Sun-ok, ni mjane, na hapo kafeni huja kila asubuhi baada ya mazoezi ya viungo. Kwa miaka mingi aliuza tiketi kwenye bustani ya Saetbyeol, ile iliyokuwa kilimani kabla haijafungwa. Alichokuwa anajenga kwenye kioo ni Saetbyeol yenyewe, benchi kwa benchi, kama alivyoikumbuka, ila treni ameirefusha kidogo. Bong-pil alisikiliza nusu ya maneno hayo. Akaomba aipige bustani ile picha za video, na mama akakubali.

Mtu aliyekusudiwa kuziona picha hizo alikuwa Mwenyekiti Ma Tae-ryong. Uenyekiti wake ulikuwa wa nini hasa, hakuna aliyejua, lakini alikuwa na majengo manne, na kodi ya vyumba vyake ilipanda kwa ukawaida wa misimu. Alikuwa na gari jeusi la kutoka ng'ambo, la kifahari kiasi kwamba aliliosha kwa mikono yake mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu. Gari hilo ndilo Bong-pil alilolitamani. Alikuwa amelipita mara nyingi mbele ya bafu la umma, na kila mara moyo ulimwenda mbio kama wa mchumba.

Basi alimfuata Ma kwenye bafu hilohilo, mahali ambapo wanaume hawana mifuko na kwa hiyo hawaogopi kuibiwa. Akiwa kwenye maji ya moto hadi shingoni, alidokeza kwa sauti ya chini habari ambazo eti hakupaswa kuzitoa: kwamba kwenye ile ardhi mpya iliyopatikana kwa kufukia bahari, ambayo kila mwaka watu husikia kuna jambo litajengwa, safari hii kweli litajengwa jambo. Bustani ya burudani. Mkahawa wa langoni utakuwa mmoja tu, na haki ya kuuendesha bado haijapata mwenyewe. Walipotoka na kuvaa nguo alimwonyesha ile video kwenye simu, kwa haraka, huku akitazama nyuma.

Ma alitazama watu wadogo wakipanga foleni, akameza mate. Aliuliza haki hiyo inapatikanaje. Bong-pil akasema wawekezaji hawataki fedha, wanatafuta watu wenye moyo. Ishara ndogo ya moyo ingetosha. Gari la mradi, kwa mfano, la kuwapokelea wageni.

Ma hakuwa mjinga wa kiwango cha kawaida. Alisema ishara ataitoa, lakini kwanza amwone aliyechora bustani hiyo, uso kwa uso.

Kesho yake Bong-pil alirudi kiti namba kumi na sita na mfuko wa machungwa. Kwa mizunguko mingi alimweleza Bi Pyo kwamba yuko bwana mmoja shabiki wa michezo hii, na ingekuwa jambo la kuchekesha sana kama, kwa nusu saa tu, mama angejifanya mhandisi.

Bi Pyo alimenya chungwa taratibu, akauliza bwana huyo ni nani. Aliposikia jina, alikula kwanza vipande vitatu vya chungwa.

“Mhandisi huvaa nini?” akauliza.

Jumatano, saa nne asubuhi, Mwenyekiti Ma aliingia kafeni amekunja uso kwa harufu ya tambi. Bong-pil alimweleza kwa kunong'ona kwamba hii ni ofisi ya siri, kwa ajili ya kuwakwepa washindani, na kwamba wahandisi hawa vijana hawajatoka humu tangu Jumatatu. Jambo hilo la pili lilikuwa kweli kwa baadhi yao. Mmoja alipiga meza na kulaani mtu ndani ya kompyuta yake. Huyo ni wa mabomba, akasema Bong-pil.

Bi Pyo alikuwa amevaa koti lake la kanisani na miwani yenye mnyororo, na kando ya kipanya ameweka faili la bluu. Bong-pil alilipenda faili lile. Alijilaumu kwa kutolifikiria yeye.

Mhandisi Mkuu alimzungusha mgeni bustani nzima bila haraka. Alimwonyesha mkahawa wa langoni, ambao tayari alikuwa ameuandika jina, Nyumba ya Ma. Alimwonyesha kibanda cha miavuli, akaleta mvua, akapandisha bei ya mwavuli maradufu, na watu wadogo wakanunua vilevile. Ma alishika ukingo wa meza. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Aliomba mvua iletwe tena.

“Ila kuna tatizo, Mwenyekiti,” akasema Bi Pyo.

Bong-pil aligeuza shingo. Tatizo halikuwamo kwenye mpango.

Mama akaeleza kwamba wageni wa siku hizi wanataka kitu chenye historia. Akasogeza picha hadi katikati ya bustani, kwenye bembea ya kuzunguka yenye farasi wa mbao, ya mtindo wa zamani, na kweli foleni yake ilikuwa ndefu kuliko zote. Kisha akaifunga, na papo hapo, bila wao kuona kidole chake kilichopandisha pia kiingilio cha vyoo, nyuso za watu wadogo zilinuna na umati ukaanza kumiminika kwenye lango la kutokea, ukipita Nyumba ya Ma bila hata kuitupia jicho.

“Bila farasi wa kweli, wa zamani, mradi hausimami,” akasema. “Na wa namna hii hawapatikani tena nchini. Tumetafuta kila mahali.”

Ma alitoa leso. Kwenye ghala lake la nyuma ya kituo cha mabasi, chini ya turubai, walikuwa wamelala farasi kumi na wanane wa Saetbyeol. Aliwapata aliponunua kile kilima na kukigeuza maegesho, na kwa miaka minne alikataa kuwauza, kuwakodisha au hata kuwaonyesha, kwa kuamini kwamba kitu ambacho watu wanakiomba sana lazima siku moja kitakuwa na thamani.

“Ninao,” akasema.

Bi Pyo alivua miwani. Alisema hilo ni jambo zito, kwa sababu vifaa vya kihistoria haviruhusiwi kuingia mradini vikitoka mikononi mwa mtu binafsi. Sharti kwanza vikabidhiwe ofisi ya kata, kama zawadi. Fomu anayo. Akafungua faili la bluu, na fomu ilikuwemo, safi, imejazwa yote isipokuwa mahali pa muhuri. Ilikuwa humo tangu siku karani wa kata alipomwambia kwamba wangeipokea bembea hiyo kwa furaha, akiweza tu kumshawishi mwenye mali aitoe.

Ma alikuwa amekuja na muhuri wake wa jina, ule wa kugonga badala ya saini, kwa ajili ya karatasi za gari. Aliupuliza, akaugonga kwenye fomu, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshachangamka Bong-pil alimsogezea haraka zile karatasi za gari.

Lakini Ma alikuwa ameanza kujiona mtu wa historia. Akauliza kama, baada ya ishara kubwa namna hii, gari bado linahitajika. Wote wawili walimgeukia mhandisi. Bong-pil alimkazia macho ya kumsihi, macho ambayo yaliwahi kuuza jokofu lisilo na mota.

“Gari la nini?” akasema Bi Pyo, akionyesha kioo. “Wageni wetu wote wanatembea kwa miguu.”

Kabla ya saa sita fomu ilikuwa kwenye ofisi ya kata. Alhamisi lori lilikwenda ghalani. Ijumaa mkuu wa kata alimwita mpiga picha wa gazeti la mji, na Bi Pyo akasisitiza kwamba aliyefanikisha yote, Mkurugenzi Gu, asimame katikati ashike maua. Bong-pil, ambaye kwa miaka ishirini alikwepa kamera kuliko alivyokwepa kazi, alisimama huku Ma amemshika bega kwa upendo. Jumamosi picha ilitoka, na jina lake kamili chini yake. Kufikia saa tatu asubuhi bwana wa kiti alikuwa ameipata nyumba ya wageni alimolala Bong-pil, na mwenye jokofu alikuwa njiani.

Bong-pil alitoka kwa mlango wa jikoni. Akiwa njiani kwenda kituoni alipanda ngazi za kafe, mara ya mwisho, amebeba begi.

“Mama, umeniibia,” akasema.

Bi Pyo hakuondoa macho kwenye treni yake. “Nimekuibia nini, mwanangu?”

Bong-pil alianza kusema gari, akakumbuka kwamba halikuwahi kuwa lake.

“Wewe ulitaka gari lake, mimi nilitaka farasi,” akasema mama. “Tofauti yetu ni kwamba mimi nilijua farasi wako wapi, na wewe hukujua kwamba nawataka.” Akampa wali wa kuviringishwa ndani ya mwani, aliouandaa mwenyewe, umefungwa kwenye karatasi ya foili, kwa sababu safari ilikuwa ndefu.

Ma alingoja bustani ya baharini hadi majani ya miti yalipobadilika rangi. Kisha akatambua kwamba haiji. Siku hiyo alikwenda uwanja wa kata, ambako bembea ilikuwa imesimamishwa, amefura, amedhamiria kudai mali yake kwa makelele. Alikuta farasi kumi na wanane wamepakwa rangi upya, wanazunguka na muziki, na mabibi ambao kwa miaka walikuwa wakivuka barabara ili kumkwepa walimjia na kumshika mikono. Mmoja alimpa viazi vitamu vya kuchoma. Kumwambia mtu yeyote kwamba alitapeliwa kungemaanisha kusema kwamba hakukusudia. Ma alikula kiazi. Tangu hapo hukaa pale kila Jumamosi kwenye benchi la mbele, akipokea salamu, na kodi ya vyumba vyake mwaka huu imechelewa kidogo kupanda.

Bong-pil alishukia mji wa Mokpo. Alikuwa na akili mpya: safari hii asimtegemee mtu, ajenge bustani yake mwenyewe, apige video, atafute mwenyekiti mwingine. Alilipia saa mbili kwenye kafe karibu na soko la samaki. Aliweka bei za juu na vyoo vichache, akaahidi treni ambayo hakuijenga. Watu wadogo waliingia, wakatazama huku na huku, wakaondoka. Akaanza upya na mabango makubwa zaidi, wakaondoka. Alijaribu kila ujanja aliokuwa nao, na hata mmoja hakudanganyika.

Hiyo ni miezi miwili iliyopita. Mwenye kafe anasema hajawahi kupata mteja mwaminifu kama huyo, hulipa kila asubuhi kabla ya kuketi, na huchuma kwa kubeba makasha ya samaki alfajiri. Wiki jana aliongeza vyoo vinne na mabenchi ya kivulini, akashusha bei ya soseji. Jana mtu mdogo mmoja, mwenye shati jekundu, alisimama mbele ya gurudumu kubwa, na juu ya kichwa chake yakatokea maandishi kwamba anapapenda hapa. Bong-pil aliita kafe nzima ije kusoma.